Mteremko wa Salgaa na Hila za Jicho

Nilikuwa mtoto wa miaka saba hivi, katika miaka ya sabini, nilipojua kwa mara ya kwanza kwamba jicho laweza kumhadaa mwenyewe. Tulikuwa tukisafiri kwa garimoshi kutoka Nairobi kwenda Kisumu, katika behewa la daraja la tatu, na usiku ulikuwa umekwisha kuwa mkubwa tulipoingia stesheni ya Nakuru. Baba alishuka kununua mkate. Kwenye reli ya pili, upande wa dirisha langu, palikuwa na garimoshi la mizigo lenye matangi ya mafuta, limesimama kimya. Ghafla nikahisi tumeng'oka. Matangi yakaanza kupita, moja baada ya jingine, polepole kisha kwa kasi, nami nilikuwa tayari kuapa kwamba tunakwenda Kisumu. Nikapiga ukelele kwamba tunamwacha Baba. Mama, bila hata kuinuka, akanishika kichwa akakigeuza kuelekea dirisha la upande wa pili. Baba alikuwa palepale chini ya taa ya stesheni, anahesabu chenji, mkate kwapani. Hatukuwa tumesogea hata inchi moja. Lililoondoka lilikuwa lile la mizigo, likielekea Nairobi.

Msomaji hana haja ya garimoshi ili alijue jambo hili. Aketi ndani ya matatu katika kituo cha Nakuru, lililo ubavuni lianze kurudi nyuma, na atahisi lake linasonga mbele. Nimewaona madereva wazoefu wakikanyaga breki za magari ambayo hata hayajawashwa. Au asimame darajani juu ya Mto Njoro baada ya mvua, ayakazie macho maji yapitayo chini kwa muda. Si ajabu daraja likageuka jahazi, likaanza kusafiri kwenda juu mtoni pamoja naye.

Mwanafizikia wa Austria, Ernst Mach, ambaye jina lake hutajwa hadi leo ndege zinapopimwa kwa mwendo wa sauti, aliandika kitabu kizima kuhusu hisi za mwendo mwaka wa 1875. Waliomfuata walibuni jaribio ambalo limerudiwa mara nyingi. Mtu huketishwa kwenye kiti kisichosogea, ndani ya pipa kubwa lililopakwa mistari myeusi na myeupe, kisha pipa huzungushwa. Sekunde chache za kwanza huliona pipa likizunguka. Halafu, pasi na yeye kutaka, pipa huonekana limesimama na yeye ndiye anayezunguka, na hata akiambiwa ukweli wote hawezi kujizuia kuhisi hivyo. Mwaka wa 1973 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba linalotenda kazi kubwa hapa si lile eneo dogo la katikati ya jicho tunalosomea gazeti, bali ni kingo zake, kule pembeni ambako hatuoni vyema herufi wala sura, lakini hakuna kinachosogea bila sisi kupata habari.

Mwaka uliofuata, huko Edinburgh, David Lee na mwenzake waliwasimamisha watoto waliojifunza kusimama karibuni ndani ya chumba kilichoning'inizwa, kisichogusa sakafu. Kuta ziliposogezwa kidogo tu, watoto wengi waliyumba, na wengine wakaanguka chini, ilhali sakafu waliyokanyaga haikutikisika. Miguu yao ilikuwa na habari sahihi. Waliyasadiki macho.

Kwa nini jicho lipewe mamlaka makubwa kiasi hicho? Wahenga walisema milima haikutani, na ubongo wa mwanadamu umelishika neno hilo kwa herufi zake. Tangu kuumbwa kwake, mwanadamu akiona miti, mawe na vilima vyote vikimpita kwa pamoja, maana yake ilikuwa moja tu: yeye ndiye anayekwenda. Ulimwengu mzima hauwezi kuondoka. Kwa hiyo kila kijazacho upeo wa macho ubongo hukichukulia kuwa ni ardhi, na ardhi haihami. Hesabu hiyo haikumkosesha mtu njia kwa maelfu ya miaka, mpaka sisi wenyewe tulipounda vitu vikubwa mno vinavyotembea.

Mwili una shahidi mwingine, naye yumo ndani ya sikio. Humo mna mifereji mitatu myembamba yenye umbo la nusu duara, imejaa majimaji, nayo hutambua kichwa kinapogeuka. Kando yake mna vijiwe vidogo mno vya chokaa vilivyolala juu ya vinyweleo, na hivi hutambua kuinama, kuondoka kwa kishindo na kusimama ghafla. Ni vyombo vya ajabu. Lakini vina kasoro moja ambayo kila abiria anayo asijue: hutambua mabadiliko ya mwendo tu. Gari likishashika kasi moja barabara ikiwa laini, sikio hunyamaza. Kilomita 30 kwa saa au 130, kwake ni mamoja. Hapo shahidi anayebaki ni jicho peke yake, na ndiyo sababu lile garimoshi la matangi liliweza kunipeleka Kisumu nikiwa nimekaa Nakuru.

Kama mambo yangeishia stesheni, ningeyaacha yawe kichekesho cha utotoni. Hayaishii huko. Anayetoka Eldoret kuja Nakuru hupanda hadi Timboroa, ambako ni zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na Nakuru penyewe ni kama mita 1,850. Mita hizo zote 850 na ushei lazima zishukwe, na sehemu kubwa ya kuzishuka ni ile barabara ya kutoka Mau Summit kupitia Sachangwan na Migaa hadi Salgaa. Majina hayo Mkenya yeyote huyasikia redioni kwa moyo mzito. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 2017, watu 36 waliangamia pale Migaa basi lilipogongana ana kwa ana na lori. Si huo tu, na wala sitaki kuhesabu.

Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori katika barabara hiyo. Siku moja mwaka wa 1994, alfajiri, akiwa ameutoka Eldoret na magunia ya mahindi, lori lilimshinda karibu na Salgaa, likaacha barabara, likapinduka mtaroni. Yeye alitoka na michubuko. Utingo wake, kijana wa miaka kumi na tisa, alikatwa mguu chini ya goti. Mahakamani Mjomba alisema maneno ambayo yalimfuata maisha yake yote: "Mheshimiwa, mteremko ulikuwa umekwisha. Nilikuwa kwenye tambarare, na sikuzidi kilomita arobaini." Alikiri kwamba aliitoa gia ili gari lijiendee lenyewe na dizeli ibaki. Ila alishikilia kwamba aliitoa kwenye tambarare. Watu walicheka, maana mahali hapo si tambarare, na jinsi magunia yalivyotawanyika ilionyesha wazi kwamba lori lilikuwa likienda kasi mno. Alitozwa faini, akanyang'anywa leseni. Nyumbani akapachikwa jina la Tambarare. Nami nilikuwa miongoni mwa waliolitumia.

Alifariki mwaka wa 2006 akiwa bado anashikilia ushahidi wake. Nami nimekuja kusadiki, baada ya kusoma niliyoyasoma, kwamba mzee yule hakusema uongo. Alieleza kwa uaminifu kile ambacho mwili wake ulimwambia.

Tuanze na kasi. Jicho likitazama kitu kikipita mfululizo kwa muda mrefu, huchoka nacho, kama pua inavyoizoea harufu ya ngozi mbichi. Mwendo uleule huonekana umepungua ilhali haukupungua. Mwaka wa 1969 jambo hili lilijaribiwa Marekani: madereva waliendesha kwanza kwa maili 70 kwa saa, kisha wakaambiwa wapunguze hadi 40 bila kutazama mshale wa mwendo. Walibaki juu ya 40, na kadiri safari ya kwanza ilivyokuwa ndefu ndivyo walivyozidi. Sasa mfikirie mtu aliyeshuka kutoka Mau Summit kwa kasi moja mfululizo. Akipunguza kidogo, huhisi amekaribia kusimama. Tena dereva wa lori huketi juu sana, na kadiri jicho lilivyo mbali na lami ndivyo lami inavyoonekana kupita taratibu. Aliye kwenye gari dogo huiona barabara ikimkimbilia usoni. Aliye juu ya lori, kwa mwendo uleule, huiona ikitiririka tu. Kilomita arobaini za Mjomba ziliweza kabisa kuwa themanini.

Kuhusu mteremko, kuna mahali hapa nchini ambapo watu huenda kwa makusudi ili wahadaiwe. Ni kwenye kilima cha Kituluni, nje ya mji wa Machakos, panapoitwa Kyamwilu. Maji yakimwagwa barabarani huonekana yanapanda mlima, na gari likiachwa bila gia huonekana linajikokota kwenda juu. Pana hadithi nyingi za kueleza maajabu hayo, na zote ni tamu kuliko ukweli. Mahali kama hapo papo katika nchi nyingi, na mwaka wa 2003 watafiti wa Italia walipaeleza kwa kuunda vielelezo vidogo vya barabara mezani. Jicho halina pima maji. Huupima mwinuko kwa kulinganisha: upeo wa macho ukifichwa, hulinganisha kipande hiki cha barabara na kile kilichotangulia. Mteremko mkali ukifuatwa na mteremko hafifu, ule hafifu huonekana tambarare, na wakati mwingine huonekana unapanda.

Kati ya Sachangwan na Salgaa kuna sehemu kali na kuna sehemu za polepole, na miti imesimama kando, na bonde limejificha nyuma ya kona. Dereva anayetoka kwenye sehemu kali akaiona ile ya polepole hufikiri mlima umekwisha. Anaitoa gia. Ndivyo alivyofanya Mjomba.

Hapo basi ilimpasa shahidi wa pili, sikio, apige kelele. Hiki ndicho kisa kilichonishangaza kuliko vyote nilipokielewa. Gari likishuka huku limeshikwa na gia au breki, kasi haibadiliki, na mwili huelemea mbele; mtu huteleza kidogo kitini na mikono hujikaza kwenye usukani. Sikio na misuli husema kwa kauli moja kwamba huu ni mteremko. Lakini gari likiachiwa lijikimbilie, kule kuongezeka kwa kasi humsukuma mtu nyuma kitini kwa kiasi ambacho karibu kinalingana na kile ambacho mteremko ulikuwa ukimvuta mbele. Mambo mawili yakafutana. Mwili ukasema: tambarare. Atakaye kuona kwa macho na aweke chupa ya maji iliyojaa nusu juu ya dashibodi, gari likiendeshwa na mtu mwenye akili zake. Likishuka kwa kushikwa, maji hulalia upande wa mbele wa chupa. Likiachiwa, maji hujinyoosha, yakakaa karibu sawasawa na kitako cha chupa, kana kwamba gari limeegeshwa uwanjani. Vile vijiwe vya chokaa sikioni havina elimu zaidi ya hayo maji.

Kwa hiyo tendo lenyewe la kuitoa gia ndilo linalofuta dalili za mteremko. Kadiri lori linavyozidi kukimbia, ndivyo mwili unavyozidi kumhakikishia dereva kwamba yuko mahali salama. Jicho lilimwambia tambarare, sikio likamwunga mkono, na mazoea ya kasi yakamwambia anakwenda polepole. Alipokuja kukanyaga breki, zilikuwa na kazi ya kuusimamisha mzigo wote bila msaada wa injini, zikachemka, zikakataa.

Nisije nikalisingizia jicho kila kosa la barabarani. Mwaka wa 1998 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba katika ukungu dereva huhisi anakwenda polepole kuliko hali halisi, kwa hiyo huongeza mwendo, na habari hiyo ikaenea kote. Mwaka wa 2012 wengine walionyesha kwamba ukungu wa kweli, ambao huficha vya mbali kuliko vya karibu, hufanya kinyume: dereva huhisi kasi zaidi, akapunguza. Kwa hiyo wanaolaumu ukungu wa Mau Summit na Timboroa wautafutie kosa jingine. Kuficha lori lililokufa katikati ya njia ni kosa la kutosha.

Wala simtakasi Mjomba. Kuitoa gia mlimani ni kuvunja sheria, alijua hivyo, na kijana wa watu alipoteza mguu kwa ajili ya lita chache za dizeli. Ninachobishana nacho ni lile neno moja ambalo hutolewa kila mara baada ya maafa, neno "uzembe", kana kwamba likishatamkwa uchunguzi umekamilika. Mzembe ni yule asiyejali. Mtu ambaye hisi zake zote zinamwambia yuko salama anahitaji kitu kingine kuliko kukemewa.

Baada ya mkasa wa Migaa vilijengwa vizuizi vya saruji kati ya njia ya kupanda na ya kushuka, jambo ambalo lilipaswa kufanywa miaka mingi nyuma. Vizuizi hivyo huzuia magari yasikutane uso kwa uso. Havimwambii dereva anakwenda kasi gani. Vidhibiti mwendo vilivyoletwa na kanuni za Waziri John Michuki mwaka wa 2004, vya kilomita 80 kwa saa, viliwekwa katika magari ya abiria na malori makubwa. Kazi yake ni kuinyima injini nguvu. Lori lililotolewa gia mlimani haliendeshwi na injini, bali na uzito wake lenyewe, na hapo kidhibiti hakina la kudhibiti.

Wengine wameamua kulipiga jicho kwa silaha yake. Uingereza, tangu miaka ya sabini, walianza kuchora mistari ya manjano kukata barabara karibu na mizunguko, na nafasi kati ya mstari na mstari ikizidi kupungua. Dereva asiyepunguza mwendo huiona mistari ikimjia upesi na upesi zaidi, akahisi gari linaongeza kasi, mguu ukaenda kwenye breki kabla hajafikiri. Chicago walichora mistari ya namna hiyo, myeupe, mwaka wa 2006 kwenye kona kali ya barabara iliyo kando ya Ziwa Michigan. Ni rangi tu. Ningependa kuiona mistari hiyo pale juu ya Migaa, na kando yake bango kubwa, kila mara mteremko unapolegea, lenye maneno matatu: MTEREMKO BADO UPO. Maana hilo ndilo jambo ambalo dereva, akiwa pale, hana namna ya kulijua isipokuwa aambiwe, au autazame mshale wa mwendo na kuuamini kuliko mwili wake mwenyewe. Vyuo vya udereva humwonyesha mwanafunzi mshale huo ulipo. Sijasikia vikimwambia kwamba utafika wakati mshale utasema themanini na mwili wote utasema arobaini, na kwamba siku hiyo mwenye kusema kweli ni mshale.

Yule utingo wa zamani anauza chai Salgaa, kibandani kando ya barabara, na mguu wa bandia chini ya meza. Nilimwendea mwaka jana nikamweleza haya yote, chupa ya maji na kila kitu. Alinisikiliza kwa adabu. Akasema alfajiri ile naye aliona tambarare, ila hakuna aliyemwita mahakamani kumwuliza. Kisha akaniambia kwamba yeye siku hizi hayatazami malori, huyasikiliza. Lori lililo ndani ya gia hunguruma linaposhuka, injini ikilalamika njia nzima. Lililotolewa gia hunyamaza. Husikika upepo na magurudumu tu. Tulikuwa bado tunazungumza pale ngurumo moja iliyokuwa ikitujia kutoka mlimani ilipokatika. Aliiweka birika chini, akageuza uso kuelekea barabarani, na wateja wote wa kibanda wakanyamaza pamoja naye.